Kizimba cha Fundi Kindi

Sogeeni. Sogeeni karibu, mkeka unatosha. Wewe uliye nyuma, acha kumfinya mwenzako. Shhh! Midomo fungeni, masikio fungueni, maana mimi sirudii.

Hapo kale, kale ile ambayo wanyama nao walikuwa na mabaraza na majiko na wageni wa kuwasumbua, alikuwako Kindi, mjane, fundi wa waya. Waya ukiingia mikononi mwake ulikuwa laini kama ukindu. Alisuka vichujio vya chai, vikapu vya mayai, vizimba vya kuku, bangili za maharusi. Ukipita barazani kwake unasikia koleo tu: ka! ka! ka! Na vipande vya waya vikidondoka: ting!

Nyuma ya baraza palikuwa na kisiki chenye tobo, na mle ndimo walimolala wanawe watatu. Wadogo hao! Mkubwa wao, Mwapwani, ndiye peke yake aliyeanza kutembea, wenzake wakitambaa tu.

Basi asubuhi moja, puu! Bonge la waya likatupwa barazani. Kindi akainua macho. Fisi.

"Hodi, Dada Kindi."

"Karibu, Mjomba Fisi."

"Nisukie kizimba. Kikubwa, niweze kuingia mwenyewe kuchagua. Nakitaka leo, kabla jua halijatua."

"Cha kufugia nini, mjomba?"

"Kuku."

"Na macho ya waya yawe mapana kiasi gani?"

Fisi aligeuka akatazama kisiki, ambako Mwapwani alikuwa ametoa kichwa amwone mgeni.

"Kichwa kama kile," akasema, akameza mate, glu! "Kisipite."

Enhee. Mmesikia? Kuku gani huyo mwenye kichwa cha mtoto wa kindi?

Kindi alielewa. Akimbie? Fisi alishajilaza mbele ya kisiki, mwili mzima, kama gunia. Apige kelele? Majirani wote wako mashambani. Tobo lilikuwa jembamba, pua ya Fisi haiingii, lakini hilo nalo mgeni alishalifikiria.

"Ukimaliza," alisema kwa upole, "utawaita watoto waje waone kazi ya mama yao."

Kindi akaanza. Ka! ka! ka! Alijaribu kuchelewesha, akafumua mstari, akausuka tena.

"Dada, huo si ule ule?"

"Ulikwenda upande, mjomba."

"Usiende upande tena."

Kutoka kisikini: "Mama! Tuna njaa!"

"Rudi ndani, Mwapwani! Nimesema rudi!"

"Mwache bwana," Fisi akacheka, hi-hi-hiii. "Mtoto mwenye njaa ni mtoto mwenye afya."

Jua likapinda. Kuta zikapanda, paa likafunikwa, na kila jicho la waya alilolifunga Kindi aliona kama anawafungia wanawe. Lakini mikono ilipokuwa ikisuka, kichwa nacho kilikuwa kikisuka chake. Mwishoni akachukua waya mmoja mrefu, akaufunga kwenye ubao wa mlango uliokuwa umelala chini wazi, akaupandisha juu ya mlango kwa nje, akauzungusha kizimba kizima, na ncha yake akaiacha ikining'inia ndani, kona ya mbali kabisa.

"Kimekwisha?" Fisi akauliza.

"Bado waya wa kukazia. Bila huo kizimba hulegea kama soksi kuukuu. Na hiyo ni kazi ya wawili, mjomba. Mmoja ndani anavuta, mmoja nje anapanga macho."

"Basi ingia wewe uvute."

Alaa! Kindi akaingia. Huyu akiubamiza mlango, nimekwisha mimi na wanangu, alijiambia. Akavuta. "Eeeh! Eeeeh!" Waya haukutikisika. Fisi akasukuma ukuta kwa nje, guu lake likapenya mpaka kifundoni.

"Mbona panapitika?"

"Nguvu sina, mjomba. Kuku wako watatoka mmoja mmoja."

Hilo neno lilimchoma. "Toka! Toka hapo, mikono kama njiti za kiberiti! Naingia mwenyewe. Lakini kwanza nipe koleo lako. Fundi bila koleo hana ujanja."

Kindi aliona ardhi inazama. Koleo ndilo alilolitegemea. Akampa, akatoka, Fisi akaingia.

"Na mlango ubaki wazi hivyo hivyo!"

"Siugusi, mjomba."

Na kweli hakuugusa. Alizunguka akasimama kule kwenye kona ya mbali, ili Fisi aupe mlango mgongo.

"Vuta!"

Krrr!

"Yanakaza?"

"Yanakaza! Vuta!"

Krrr! Mlango ukasogea. Sikio la Fisi likacheza.

"Nini kile?"

"Waya unajibana. Wengine wakifika hapa huita vijana watatu wavute, mjomba."

"Watatu!" Fisi akatanua kifua. "Nitazame mimi!" Akaweka miguu ukutani, akavuta kwa mgongo wake wote. Krrrrrr... TWAA!

Alipogeuka, mlango alikuwa ameufunga kwa nguvu zake mwenyewe. Na Kindi alisharuka juu ya paa, pale waya ulipopita. Koleo hana. Akauuma waya kwa meno, akausokota. Mara moja. Fisi akarusha mwili, gubu! Kizimba kikacheza. Mara ya pili. Jino likavunjika, ka! Mara ya tatu. Akaporomoka chini, mdomo umejaa damu.

"Nifungulie! Dada! Nilikuwa natania!"

Fisi akajaribu kutoa guu, macho ya waya hayapitishi, yamekazwa kama alivyoagiza. Akakumbuka koleo, akalibana vibaya, likambana yeye kidole, likamponyoka nje ya waya. "Uwiii!"

Mwapwani akatambaa nje. "Mama, ndiye kuku huyo?"

Mama hakucheka. Aliwavuta wanawe kifuani, akawahesabu: mmoja, wawili, watatu. Akawahesabu tena.

Majirani waliporudi walikibingirisha kizimba na Fisi wake mpaka ng'ambo ya mto, wakamwachilia huko, na hakuonekana tena.

Funzo, wajukuu zangu: ukitumia nguvu zako kumdhulumu mdogo, angalia ni nani hasa unayemfungia mlango.

Kindi alipofariki, ufundi wa waya alirithi Mwapwani. Kisiki wakarithi wadogo zake wawili. Na wana wa Fisi? Wao walirithi woga: wakifika bomani huzunguka mara tatu, wananusa, na ukiwa wazi mlango ndipo wanapokimbia zaidi.