Mama Aliyesubiri Kusimamishwa

Isome mpaka chini, kisha mtumie yule ndugu yenu aliyesoma kuliko wote.

Daktari Ambakisye alikuwa bingwa wa jambo moja tu: miguu ya watu wanaorushwa angani, huko juu ambako mwili hauna uzito. Watu hao hurudi duniani miguu imelegea, kwa sababu haikubeba kitu. Roketi hakuwa nayo. Alikuwa na vitanda kumi na viwili. Aliwalaza vijana wenye nguvu zao siku sitini bila kukanyaga chini, maana mguu uliolala unasinyaa vilevile. Kila asubuhi aliwapima mapaja kwa tepu ya fundi cherehani na kuandika yanavyopungua.

Siku ya tisa, dada yake Tusekile akapiga simu kutoka kijijini. Mama yao alikuwa ameanguka shambani akavunjika nyonga. Hospitali ya wilaya ilishamwekea chuma na kumruhusu arudi nyumbani.

"Kaka, nesi anasema tuanze kumsimamisha na gongo, kidogo kidogo. Lakini mama analia maumivu. Tufanyeje?"

Ambakisye alikuwa ameshika paja la mtu. "Mwacheni alale kwanza. Nakuja wiki ijayo, nitamsimamisha mwenyewe."

Basi. Daktari kasema, nani abishe?

Wiki ijayo ikawa ya kuwatoa vijana damu. Iliyofuata ikawa ya ripoti. Kila Tusekile alipopiga simu alijibiwa, "Wiki ijayo, dada, bila kukosa." Na msidhani hakumpenda mama yake. Alimpenda mno. Alimtumia blanketi zito, mto laini na shuka mbili. Vitu vya kulalia, vyote.

Nesi wa watu alirudi mara mbili na gongo lake. Mama akamkatalia kwa upole.

"Asante, binti yangu. Ila mwanangu ndiye mtaalamu wa miguu. Akija ndipo nitakanyaga chini."

Vijana walipomaliza siku zao, Ambakisye akapanda ndege kwenda ng'ambo kuwasomea wataalamu wenzake matokeo. Ukumbi ulijaa. Aliwaeleza jinsi kitanda kinavyokula mguu wa mtu mzima na afya yake, na jinsi ilivyo vigumu kuurudisha. Wakampigia makofi, wakampa ngao.

Alifika kijijini mwezi wa nne tangu mama avunjike, ngao ikiwa kwenye begi. Alimkuta mama amelala, amevaa kitenge kipya na raba mpya. Alikuwa amevalishwa tangu alfajiri.

"Umekuja, mwanangu. Haya, nisimamishe."

Akafunua blanketi. Tepu hakuihitaji. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipima mapaja ya watu, na paja kama lile hajawahi kuliona. Akamshika kwapani, akamwinua. Miguu ikakunjika. Akamwinua tena, ikakunjika tena.

Mama akatabasamu kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake. "Labda kesho, baba. Leo umechoka na safari."

Tusekile alimkuta kaka yake nyuma ya nyumba, amejiinamia analia. Hakugomba. Aliuliza tu.

"Kaka, kumbe kulala kunamaliza miguu?"

Ambakisye akaitikia kwa kichwa.

"Na ulikuwa unajua?"

Akaitikia tena.

"Sasa mbona ulituambia alale?"

Mama aliishi miaka mitatu mingine, na hakukanyaga chini tena. Raba zile Tusekile anazo mpaka leo, na soli zake hazina hata vumbi.

Funzo: Wewe msomi wa ukoo, neno unalolitupa kwenye simu ukiwa na haraka, nyumbani linashikwa kama amri. Kama huna nafasi ya kwenda, usiwazuie walio karibu kumwinua mzazi wako.