Kupe Anamfundisha Chui Mishipa ya Farasi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Aliyeshiba?"

"Anyamaze!"

"Mwenye njaa?"

"Asikilize!"

Haya. Hapo kale palikuwa na Kupe, akiishi chini ya mkia wa Farasi. Msicheke, kwao ndiko huko! Pana joto, pana kivuli, na chakula kiko ukutani.

Mchana mmoja Farasi amelala wima, kama walalavyo farasi, mara majani yakalia: chaka, chaka, chaka. Chui huyo!

"Leo nainywa damu ya Farasi yote," akanguruma. "Juzi nilimng'ata punda shingoni, damu ikamwagika, nikaambulia kulamba vumbi. Leo sitaki hata tone lipotee."

Kupe akapiga hesabu. Farasi akifa, nyumba imekwisha na chakula kimekwisha. Akajikaza.

"Shikamoo, Mzee Chui. Hapa umefika kwa fundi. Damu hii nimeinywa tangu utotoni."

"Haya, sema. Niume wapi? Kifuani?"

"Kifuani, mzee? Utamwaga! Mshipa unaotoka moyoni ni mnene, unavutika kama mpira. Moyo ukisukuma, unatanuka, kisha unajirudisha na kuipeleka damu mbele. Ukiutoboa, chuuu! Mpaka mtini."

"Basi niume ngozini."

"Ngozini, mzee? Utakonda! Huko mishipa ni myembamba kama uzi. Ikitaka inajibana, mlango umefungwa."

Chui akameza mate. "Basi wapi, kijidudu?"

"Mguuni, huu wa nyuma, mzee. Mshipa wa mguu una ukuta wa misuli. Unagawa damu kwa utaratibu, kama mama anayepakua chakula. Watunza farasi huupapasa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kwato, wakitaka kujua kama mnyama ni mzima. Weka shavu hapo usikie: du, du, du."

Chui akaweka shavu. "Sisikii."

"Sogea, mzee."

Akasogea. "Bado."

"Sogea tena, mzee. Na ufungue mdomo, usije ukapoteza tone."

Akasogea, akafungua mdomo. Kupe naye akachagua penye ngozi laini kuliko kote, akauma kwa nguvu zake zote.

Farasi akashtuka usingizini. Teke: PWAA! Meno ya Chui yakatawanyika maweni, kwara-kwara-kwara, na mwenyewe akakimbilia porini analia kama mtoto mchanga.

"Nani kaniuma?" Farasi akauliza.

"Mbung'o, bibi. Nimeshamfukuza."

"Ahsante, jirani mwema."

"Usijali," Kupe akajibu, mdomo umejaa.

Ngano yangu nimeitua chini. Ikiwa tamu, gawaneni nyote. Ikiwa chungu, nirudishieni mimi. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msikilizeni mtaalamu. Akisema sogea, sogeeni. Chui alisogea, na tangu siku ile hajawahi kuumwa na jino.