Mkurugenzi Aliyecheza Ng'ombe

"Aliyebeba wengi hachezi ng'ombe." Mmelisikia neno hili leo, wanangu, mkaniuliza limetoka wapi. Limetoka hapa hapa Pemba, na lilizaliwa hivi.

Palikuwa na kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na mkurugenzi wake aliitwa Kombo Shaame. Alikianzisha mwenyewe. Wanunuzi wa ng'ambo walimjua yeye, benki ilimjua yeye, hata tanuri likigoma aliitwa yeye. Msaidizi wake, Bi Mkasi, kila alipomwomba amfundishe kuzungumza na wanunuzi, alijibiwa, "Tutakaa siku moja."

Kombo alipenda mno mchezo wa ng'ombe. Zumari likilia uwanjani, alivua koti, akashika kitambaa, akamwendea dume aliyefungwa kamba, akamchokoza na kumkwepa huku wanawake wakiimba. Mkasi alikuwa akifumba macho.

Mwaka mmoja, asubuhi ya mchezo, Mkasi alimfuata ofisini.

"Mkurugenzi, leo usiingie. Dume aliyeletwa ni mkali, jana kamrusha mtu."

"Mkasi, mwaka mzima watu hunijibu 'ndiyo, bwana'. Ng'ombe hajui cheo changu. Pale ndipo ninapojiona mtu."

"Sikukatazi kuwa mtu. Lakini ukianguka, huanguki peke yako."

"Kwani mwenye cheo asitoke nje? Hata ngazi ya nyumbani huua."

"Ngazi haikufukuzi na pembe."

Kombo akacheka, akaenda zake.

Alasiri ile alicheza kuliko siku zote. Alimkwepa dume tena na tena, vigelegele vikarindima. Kisha akageuka kuwapungia watu mkono. Kamba ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Pembe ikamwingia ubavuni. Mkasi alimfunga jeraha kwa kanga yake, kanga ikalowa yote. Hospitali hakufika.

Baada ya mazishi wanunuzi walipiga simu wakimuulizia Kombo. Mkasi akawaambia amefariki. Wakatoa pole, wasipige tena. Tanuri likapoa. Wanawake waliokuwa wakichambua makonyo walikuja kukaa langoni wiki baada ya wiki, mwisho wakaacha. Wengine walivuka kwenda Tanga kutafuta vibarua, watoto wakabaki kwa bibi zao. Mkasi alimkasirikia marehemu, akajuta kumkasirikia, na hasira isiondoke.

Mwaka uliofuata ng'ombe walichezwa tena. Sheha wa kijiji, ambaye ndiye pekee aliyekuwa akihangaika kutafuta mtu wa kukifufua kiwanda, akakunja suruali, akashika kitambaa. Mkasi akainuka katikati ya waimbaji. Nyimbo zikakatika.

"Sheha! Aliyebeba wengi hachezi ng'ombe!"

Sheha akageuka. Akawaona wanawake wa makonyo, wale wachache waliosalia, wanamtazama. Akakiweka kitambaa chini, akarudi kuketi. Hakuna aliyemcheka.

Ndiyo maana mpaka leo, mtu mwenye riziki za watu mabegani akienda kuitafuta hatari kwa furaha yake, huambiwa: aliyebeba wengi hachezi ng'ombe.