Kasha la Kombo Shaame

Kisichofunguliwa hujifunga. Asubuhi mmemsikia Fundi Haji akiwaambia wazamiaji maneno hayo, nanyi mkacheka, mkadhani uzee umemzidi. Methali haioti kama uyoga, wanangu. Ina mtu aliyeilipia. Hii ilizaliwa hapahapa kwetu Pemba, na chanzo chake ni hiki.

Kombo Shaame alikuwa mpiga picha wa chini ya maji katika kituo cha kupima matumbawe. Kamera yake ilikaa ndani ya kasha la alumini lenye kioo mbele, skrubu sita za chuma, na pete ya mpira ya kuzuia maji yasipenye. Kazi ile ina mila yake, na Kombo ndiye aliyewafundisha wenzake. Ukitoka baharini, kasha linalazwa kwenye ndoo ya maji ya kisima, vitufe vyote vinabonyezwa humo humo mpaka chumvi itoke. Likishakauka, kila skrubu inafunguliwa, hata isiyo na sababu ya kufunguliwa, inapakwa grisi kiasi cha punje ya mchele, kisha inarudishwa. Wenzake walimtania kwamba analitunza kasha kama bi harusi. Yeye alijichekea tu, akaendelea kupaka.

Mkewe, Riziki, alikuwa mkulima wa mwani. Siku moja ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, Kombo alitoka kwenye matumbawe akampitia shambani, maji yamemfika mkewe kiunoni.

"Kila siku wewe na samaki wako," Riziki akamwambia. "Mimi hunipigi picha hata moja?"

Kombo akampiga moja. Nyumbani hapakuwa na picha yake nyingine ila ile ya kitambulisho, ambayo Riziki mwenyewe alisema inafanana na mtu aliyekamatwa na polisi.

Alasiri ileile Riziki alianguka jikoni. Kombo akalitupia kasha kapuni likiwa bichi na chumvi yake, akakimbia naye hospitali. Siku ya tatu alirudi na jeneza.

Baada ya matanga alilipandisha kapu juu ya kabati, na kituoni hakukanyaga tena. Mara nyingi mkono wake ulielekea kabatini, ukarudi. Alijiambia: nikimwona pichani leo, kesho nitabakiwa na nini cha kungojea? Basi akamweka akiba. Majirani walikuja na sahani za chakula, akawajibu kutoka ndani, mlango haujafunguliwa, "Nimeshakula." Walikuja mara ya pili na ya tatu, kisha wakachoka, kama watu wanavyochoka. Kombo aliendelea kupika wali wa watu wawili kwa mazoea, nusu akiwamwagia kuku. Upweke ulimla taratibu, naye aliuona ndiyo heshima ya marehemu.

Mwaka ukapita na miezi minne. Asubuhi moja akiwa anakunywa chai alijaribu kukumbuka Riziki alivyokuwa akicheka, asiweze. Macho aliyapata, sauti aliipata, lakini kicheko kilikuwa kimetoweka. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya mazishi.

Akalishusha kasha. Unga mweupe ulikuwa umezizunguka skrubu zote. Akatia bisibisi, skrubu haikuzunguka. Akakaza mkono, kichwa cha skrubu kikalika. Akainua nyundo, akaona atakivunja alichokuwa anakitafuta, akaketi sakafuni akalia. Kisha akalikumbatia kasha na kwenda kwa Haji, fundi wa mashine za boti, ambaye sahani zake alizikataa mara tatu.

Haji hakumuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Aliligeuza kasha tu, akalitazama.

"Umeligonga?"

"Bado."

"Alhamdulillahi. Chuma kikishikwa na chumvi hakitaki ubabe. Leo tunaloweka. Njoo kesho."

"Siliachi hapa, Fundi."

"Basi kaa nalo."

Akakaa. Haji alizifunga skrubu kwa matambara yenye siki na maji ya vuguvugu, akasugua ule unga kwa mswaki, jioni akadondoshea mafuta. Siku nne mfululizo Kombo alikuja nalo asubuhi, akaketi juu ya kreti. Siku ya tano Haji aliipasha moto skrubu ya kwanza kwa ncha ya chuma cha kulehemu, akaanza kuizungusha: kidogo mbele, kidogo nyuma, kidogo mbele. Ikatoka. Tano zikatoka hivyo. Ile iliyoliwa kichwa aliichonga mfereji mpya kwa msumeno wa chuma, nayo ikakubali.

Kifuniko kikafunguka, na ndani mkatoka harufu ya bahari iliyooza. Chumvi ilikuwa imetambaa chini ya ile pete ya mpira. Kamera ilikuwa kijani kwa kutu, na kadi ya picha ilivunjika vidoleni mwa Haji.

"Haisomeki?" Kombo akauliza.

"Haisomeki, ndugu yangu."

"Na kama ningelileta baada ya arubaini?"

Haji hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Ungemwona."

Kombo aliinama. Haji akaweka chini bisibisi, akavuta kreti lake, akaketi mbele yake magoti yakigusana.

"Nieleze weye, basi. Alikuwaje humo kwenye picha?"

Tangu mazishi Kombo hakuwahi kulitamka jina la mkewe mbele ya mtu. Alianza, akasita, akaanza tena. Haji akangoja bila kumsukuma.

"Riziki..." alisema mwishowe. "Riziki alikuwa ameng'ata kamba, mikono yote miwili imeshika mwani. Basi akacheka upande mmoja. Hivi."

Akamwonyesha kwa mdomo wake mwenyewe, na hapo hapo akakiona kile kicheko. Kilikuwa kimekuja kizima. Alilia, akasema, akalia, akasema mpaka adhana ya alasiri, na mke wa Haji alipoleta sahani ya muhogo Kombo aliipokea kwa mikono miwili.

Alipomaliza kula alilitazama lile kasha lililo wazi.

"Nilidhani namhifadhi," akamwambia Haji. "Kumbe kisichofunguliwa hujifunga."