Gauni la Vipande Sabini na Saba

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa na nafasi nyingi na kazi chache, alitawala katika mji wa Mtambuu Sultani mmoja jina lake Badawi. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa na tabia ya kukata watu vichwa, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alilomwona mtu akilifanya, alisema, "Hilo ni jepesi, hata mimi naliweza." Alimwona mpishi, akaingia jikoni, na watu wa jumbani wakala wali wenye mchanga wiki nzima. Alimwona kinyozi, akashika wembe, na Waziri akakaa miezi miwili bila kuvua kilemba. Basi siku moja akamwona fundi akimpimia mkewe, Bibi Sitara, gauni la sikukuu, na hapo ndipo balaa la mji lilipoanza.

Sultani alijifungia siku saba na karatasi, wino na makasi. Siku ya nane akatoka na kiolezo cha gauni, yaani zile karatasi ambazo fundi huziweka juu ya kitambaa ili akate kwa kuzifuata. Mafundi wa Mtambuu walizoea violezo vya vipande sita au saba. Kiolezo cha Sultani kilikuwa na vipande sabini na saba, kila kimoja na namba yake na muhuri wake. Ikatoka amri kwamba gauni lishonwe, vipande vyote viwemo, kisipungue hata kimoja, na kila kipande kikae na jirani yake kama Sultani alivyochora. Atakayeshindwa atanyang'anywa makasi yake, kisha atalivaa alilolishona na kuzunguka nalo sokoni tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Fundi Mwinyikombo. Alishona siku ishirini, akatoka na gauni lenye shingo mbili na lisilo na mkono hata mmoja. Alipozungushwa nalo sokoni, mbuzi wawili walimfuata mpaka mlangoni kwake. Wa pili, Fundi Faki, alishona kwa bidii hata akajishonea ndani, ikabidi watu wamtoe kwa kisu. Wa tatu akawa Fundi Rehani, ambaye hakuna aliyemshinda kwa ushonaji mji mzima. Gauni lake lilikuwa zuri ajabu, mishono imenyooka kama mstari wa wino, ila halikuwa na pa kuingilia. Waligeuza juu, wakageuza chini, hawakuona mlango. Basi akatembezwa sokoni akiwa amelifunga kichwani kama kilemba.

Rehani aliporudi nyumbani aliingia chini ya kitanda, akakataa kutoka. Mkewe, Mwanamize, akawa anampelekea sahani ya chakula hukohuko. Mwanamize alikuwa mwanamke mpole, wa maneno machache, mwenye mtoto mchanga mgongoni aitwaye Tunu. Yeye hakujua kushona nguo za watu. Alishona magunia ya wafanyabiashara kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na sasa shazia hiyo moja ndiyo iliyoilisha nyumba nzima.

Mafundi waliobaki nao wakaitwa wakashindwa, kisha hata vinyozi, na haukupita muda makasi yote ya mji yakawa yamelundikwa jumbani. Wanaume wakawa na ndevu za kufika kifuani. Wanawake wakararua vitambaa kwa meno. Sikukuu ilibaki siku nne, na hapakuwa na mtoto mwenye nguo mpya. Ndipo mbiu ikapigwa kwamba yeyote ajionaye fundi aje kwa Sultani, mwanamume au mwanamke.

Mwanamize aliisikia mbiu akiwa anakoroga uji. Akainama akachungulia chini ya kitanda.

"Baba Tunu," akasema, "zile karatasi zikitandazwa zote pamoja, gauni linakuwaje?"

"Nani ameziona zote pamoja?" akajibu Rehani kutoka gizani. Akamweleza kwamba mwandiko wa Sultani hauwekwi chini. Karatasi zilikaa kwenye sinia la fedha, zimepangwa moja juu ya nyingine na kufunikwa kitambaa, na fundi alipewa moja kwa mikono miwili, akaitumia, akairudisha kwa mikono miwili, ndipo apewe nyingine.

Mwanamize akaepua uji. "Kumbe mlikuwa mkishona msichokiona," akasema, akaenda kutafuta buibui lake.

Alipofika barazani, watu wakacheka. Waziri alimtazama tangu kichwani hadi miguuni, akamwuliza kama yeye si yule mshona magunia wa bandarini.

"Ndiye mimi, Bwana Waziri."

"Gauni la Bibi si gunia."

"Naam, Bwana. Gunia mtu huliingia akitaka."

Wale waliokumbuka gauni la Rehani wakaziba midomo kwa viganja. Sultani akamruhusu aseme haja yake. Mwanamize, macho yakiwa chini, akaomba apewe kitambaa na uzi wa kutosha mishono yote, na sinia lile aazimwe mpaka siku ya sikukuu. Akaomba pia amri iandikwe na kutiwa muhuri, kwa sababu yeye alikuwa mwepesi wa kusahau. Akifaulu, makasi ya mafundi wote yarudishwe.

"Na ukishindwa," akasema Sultani, "nitaichukua shazia yako, na wewe na mumeo mtatembea sokoni ndani ya gauni moja."

Bila shazia nyumba ya Mwanamize ingelala njaa. Lakini alikwisha kusema, na maji yakimwagika hayazoleki. Akapokea hariri ya kijani, donge la uzi kubwa kama nazi, na sinia, na askari mmoja wa kulilinda.

Nyumbani kwake hapakuwa na meza. Palikuwa na mkeka, naye akaanza kuzipanga karatasi juu yake. Askari akashtuka, akasema karatasi za Sultani haziwekwi chini.

"Sikuziweka chini, kaka yangu," akajibu Mwanamize. "Nimeziweka juu ya mkeka, na mkeka huu ndio ninaoswalia."

Askari akafikiri, akaona ni haramu kuutukana mkeka wa swala, akamwachia. Basi Mwanamize akapanga. Kipande cha nne kilikataa kukaa na cha tano, kikakubali kukaa na cha arobaini. Cha sitini na moja kiliingia kwenye kona ya cha pili kama kigae kinavyoingia mahali pake katika sahani iliyovunjika. Kufika alasiri vipande vyote sabini na saba vilikuwa vimegusana, ukingo kwa ukingo, na gauni likaonekana. Lilikuwa gauni moja pana, mbele na nyuma vikikutana mabegani, mikono imenyooshwa huku na huku. Katikati, ambapo hapakuangukia kipande chochote, palibaki tundu la kutosha kichwa. Sultani alichora gauni jepesi kabisa, kisha akalikatakata kwa utamu wa kukata.

"Baba Tunu, toka uone."

Kichwa cha Rehani kikajitokeza chini ya kitanda. Akatazama kwa muda mrefu. "Mbona hili ni kama..."

"Ni gunia," akasema mkewe, "lenye pa kutokea mikono."

Akaitandaza hariri mahali pengine pa mkeka, akazihamishia karatasi juu yake katika mpango uleule, akizikandamiza kwa kokoto. Kisha akachukua chaki, akazungushia kila kipande na kuandika namba yake. Alipomaliza akakata kwa kisu ukingo wa nje peke yake, na lile tundu la shingo, asiguse kingine. Akaikunja mabegani. Rehani akatoka chini ya kitanda mzima mzima, na vumbi lake, akaomba yeye apinde shingo na pindo kwa sindano yake nyembamba. Ikabaki mishono miwili tu ya ubavuni, wa kulia na wa kushoto. Wakamaliza kabla kunde za jikoni hazijaiva.

Siku ya sikukuu baraza ikajaa. Bibi Sitara akalipokea gauni akaingia nyuma ya pazia. Watu wakajiandaa kungoja, maana nguo zake zilihitaji wajakazi wanne na saa nzima. Hawajamaliza kukaa vizuri akatoka. Akainua mkono mmoja, akainua wa pili, akachuchumaa, akasimama.

"Bwana wangu," akasema, "leo nimejikuna mgongo mwenyewe."

Sultani akafurahi, kisha uso ukamkunjamana. Akauliza mishono yake iko wapi, na ni nani aliyempa ruhusa huyu mwanamke kupunguza vipande. Mwanamize akaomba Bibi abadili nguo na gauni lipinduliwe. Waziri akapiga magoti akahesabu michoro ya chaki. Akapotea kwenye arobaini, akaanza upya. Kimoja, viwili, vitatu, mpaka sabini na saba, na kila kimoja na namba yake.

"Lakini havikutenganishwa!" akasema Sultani.

Mwanamize akaitoa amri ndani ya buibui lake, akampa Waziri aisome. Waziri akasoma: vipande vyote viwemo, kisipungue hata kimoja, na kila kipande kikae na jirani yake.

"Nami nimeviweka na majirani zao, Maulana," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeviweka karibu mno, hata sindano haikupata pa kupita." Akatoa lile donge la uzi, bado kubwa kama nazi, akaliweka miguuni pa Sultani. "Na mishono yako mingine hii hapa. Imesalia."

Aliyeanza kucheka alikuwa Bibi Sitara, na Sultani akajizuia, akajizuia, mwisho akacheka hata kilemba kikamwangukia machoni. Akaamuru makasi yarudishwe siku ileile, na Mwanamize akapewa hariri ya kushonea watoto wa mtaa wake wote. Jioni vinyozi hawakupata nafasi ya kukaa, na wake kadhaa walishangaa kuona jinsi waume zao walivyokuwa chini ya zile ndevu.

Lakini ugonjwa wa Sultani haukupona. Kesho yake alimwita Mwanamize, akasema, "Kushona magunia ni jambo jepesi, hata mimi naliweza." Mwanamize hakubishana. Akampa gunia lililokatwa, na shazia. Sultani akashona asubuhi nzima, akijichoma na kunyonya kidole, akaleta kazi yake kwa majivuno. Fundi Rehani akaligeuza juu, akaligeuza chini.

"Maulana," akasema, "ni zuri ajabu. Ila limeshonwa pande zote nne."

Watu wakatazama chini. Bibi Sitara ndiye aliyekohoa, akamkumbusha mumewe kwamba amri bado ina muhuri wake.

Basi siku iliyofuata Sultani Badawi akazunguka sokoni tangu asubuhi hadi adhuhuri, gunia kichwani kama kilemba, akicheka kuliko watazamaji, na mbuzi wawili nyuma yake. Hekaya yangu imefika pindoni. Mwenye makasi na akate uzi.