Mama Kindi na Moto wa Bwana Dubu

Hapo zamani za kale, si zile za kale mno, wanangu, maana tramu, yale mabehewa yapitayo mitaani juu ya reli, zilikuwa zimekwishaanza kutembea, palikuwa na mji mmoja huko Kanada ambako wanyama walipika, walifua, walienda kazini na kusengenyana kama sisi.

Mji huo ulikuwa na theluji. Mnaijua? Ni barafu laini inayoshuka toka mbinguni kama unga unaochekechwa. Ukiitazama sana unasinzia. Ukiikanyaga sana, vidole vinakufa ganzi.

Basi, katikati ya mji palikuwa na Mtaa Mpana. Hapo walikaa wakubwa watatu tu: Bwana Dubu, mwenyekiti wa mtaa, na jirani zake, Bwana Kulungu na Bwana Mbwamwitu. Kila mmoja na jumba lake, vyumba tele, na ndani mtu mmoja. Tramu ilipita hapo kila siku, ngili-ngili-ngili, wala haisimami.

Wadogo walikaa Ukingoni, mbali kupita kituo cha mwisho. Asubuhi walikuja mjini kuoka mikate na kushona makoti ya wakubwa. Jioni walishuka kituo cha mwisho, wakaanza kukata theluji kwa miguu. Kwachu, kwachu, kwachu!

Mmoja wao alikuwa Mama Kindi, mshonaji, mdogo wa mwili, mrefu wa maneno. Alikuwa na binti mmoja, Chiku. Majira ya baridi yaliyopita, baridi ya njia ile ilimwingia Chiku kifuani, akakohoa mpaka majani yakachipua. Mganga alisema, "Mama, baridi nyingine ya kutembea hivi, mtoto huyu hataiona ya tatu."

Mama Kindi aliogopa. Nawaambieni kweli, aliogopa hata chakula kikamshinda.

Majani yalipokwisha kupukutika, ukaitishwa mkutano wa mtaa. Wadogo wakaja, wakasimama nyuma. Mama Kindi akanyoosha mkono.

"Bwana Mwenyekiti, tunaomba mambo mawili. Tramu isimame hapa. Na turuhusiwe kujenga nyumba za ghorofa, tulale karibu na kazi zetu."

"Ghorofa!" Bwana Dubu akanguruma. "Zituzibie jua?"

"Jua lipi, bwana? Si unalala tangu theluji ya kwanza mpaka ya mwisho?"

Nyuma wakacheka, kwi-kwi-kwi! Bwana Kulungu akatikisa mapembe.

"Mtaa utaharibika sura," akasema. "Na tramu isimame kwa ajili ya nani? Sisi tuko watatu, na tuna miguu."

"Basi tupige kura," akasema Mama Kindi, na mikono midogo ikainuka kama uyoga baada ya mvua.

"Shusheni!" Dubu akapiga meza, pu! "Nyie wageni. Mnaletwa na tramu ya asubuhi, mnarudishwa na ya jioni. Kuanzia leo hii ndiyo sheria: mwenyeji wa Mtaa Mpana ni yule aliyelala hapa majira yote ya baridi. Huyo ndiye atakayepiga kura siku nitakapoamka. Asiyelala hapa, ashushe mkono!"

Wakubwa wakapiga makofi. Dubu mwenyewe aliipenda sana sheria hiyo, maana kulala ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

Jioni ile Mama Kindi alitembea na Chiku mgongoni. Njia nzima alikuwa akiigeuza sheria ile kichwani. Walipofika mlangoni, akacheka peke yake.

"Unacheka nini, mama?"

"Nacheka usingizi, mwanangu."

Kesho yake akabisha kwa Bwana Dubu. "Hodi!"

"Hakuna chumba!"

"Sikuja kuomba chumba, bwana. Nimekuja kukupa pole."

Mlango ukafunguka kidogo. "Pole ya nini?"

"Ya baridi iliyopita. Uliamka katikati ya usingizi, meno yanagongana, ka-ka-ka-ka!"

"Nani kakwambia?"

"Tramu haisimami hapa, bwana, lakini ikipita, masikio yangu huwa wazi."

Dubu akaona haya. Akamkaribisha ndani. "Moto ulizimika," akanong'ona. "Usimwambie Kulungu."

"Ungeachaje kuzimika? Jiko moja, jumba zima! Chumba baridi huiba joto la chumba chenye moto. Kila chumba kinataka jiko lake, na kila jiko linataka watu wa kulichochea kwa zamu."

"Watu wengi hao," Dubu akapiga mwayo, aaaah-uuuu! Usingizi ulikuwa umekwishamshika kwenye kope. "Nitawapata wapi?"

"Niachie mimi. Wataingia nyumbani kwako, watachochea, watalala, watachochea."

"Lete! Lete hata mia. Ila siku nitakapoamka, sitaki kuona hata unyoya."

"Siku hiyohiyo tutatoka, bwana. Jua likizama tu."

"Sawa... jua... likizama..." Na Dubu akalala palepale, khooo-fyuuu.

Usiku uleule theluji ya kwanza ikaanguka. Tramu ilipopunguza mwendo kwenye kona ya Mtaa Mpana, wadogo wakaruka mmoja mmoja, tup! tup! tup! Waliingia Nungunungu na wanawe, Bi Panya na ukoo wake, Sungura, Kirukanjia, hata Kicheche, baada ya kuapa kwamba hatakasirika na kuachia harufu yake ndani ya nyumba. Walijaa jikoni, darini, chini ya ngazi, kabatini.

Wanangu, jinsi baridi ile ilivyopita sijui niseme vipi. Nje, weupe mtupu, na tramu ikielea ndani yake na taa zake za manjano. Ndani, majiko yakinong'ona, sss, sss, mikate ikiumuka, sindano zikienda. Dubu alipovuta pumzi mapazia yalivimba, alipoishusha yalilala. Nyumba nzima ikawa inapumua pamoja naye. Wadogo walianza kuota ndoto za Dubu za asali, na Dubu, bila kujua, akaota ndoto zao: yumo kwenye tramu, amebanana na watu asiowajua, magoti yamegusana, na joto ni tamu hata hataki kushuka. Akacheka usingizini.

Na Chiku alilala wapi? Juu ya tumbo la Dubu, penye joto kuliko pote. Kikohozi kilichokuwa kimerudi na baridi kikapungua, kikapungua, asubuhi moja hakikuja tena. Mama Kindi akalia kwa furaha ndani ya aproni yake.

Siku moja, gong! gong! gong! Ni Bwana Kulungu.

"Moshi huu wote wa nini? Nani mko humo?"

"Wachochea moto," akajibu Mama Kindi dirishani. "Ametuweka Bwana Dubu mwenyewe."

"Siamini!"

"Basi pita, ukamwamshe, umuulize."

Kulungu akamtazama Dubu kupitia dirishani, akayatazama makucha yake. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, na Kulungu hilo alilijua. Akaondoka, kwachu, kwachu, amenuna.

Theluji ikayeyuka. Dubu akafumbua macho na kuona kitu kidogo tumboni pake.

"Shikamoo, babu," akasema Chiku.

Dubu alikuwa amefungua kinywa angurume. Lakini shikamoo haiachwi njiani. "Mara... marahaba," akasema. Kisha akaona Bi Panya, akaona Nungunungu, akaona Kicheche. "Tokeni!"

"Jua likizama, bwana, kama tulivyopatana," akasema Mama Kindi. "Sasa twende, mkutano unakusubiri."

Mkutanoni Mama Kindi akaomba yaleyale mawili, na mikono midogo ikainuka mpaka nyuma kabisa.

"Shusheni! Hamkulala hapa!" akafoka Mbwamwitu.

"Hawakulala?" Kulungu akaruka. Hasira ya dirishani ilikuwa haijamtoka. "Walilala baridi nzima! Moshi niliuona kila siku kwa macho yangu, na nikajibiwa dirishani!"

Kila mtu akamgeukia Kulungu, na Kulungu akatamani ardhi ipasuke.

"Ahsante kwa ushahidi, bwana," akasema Mama Kindi. "Bwana Mwenyekiti, sheria yako ilisemaje?"

Dubu akakuna kichwa. Akatazama mikono ile, akatazama ya wakubwa, mitatu tu.

"Imepita," akasema kwa sauti ndogo.

Jua lilipozama, wadogo wakatoka nyumbani kwa Dubu na vifurushi vyao, maana ahadi ni deni. Na tramu ikaja, ngili-ngili-ngili... shiiiiii! Ikasimama Mtaa Mpana kwa mara ya kwanza. Wote wakapiga vigelegele.

Dubu alibaki mlangoni. Nyuma yake jumba lilikuwa kimya, limeanza kupoa.

"Mama Kindi," akaita. "Hizo ghorofa zenu zitachelewa kwisha. Yule mtoto... atalala wapi?"

Chiku hakungoja jibu la mama yake. Alishapita katikati ya miguu ya Dubu, yuko ndani.

Hadithi imefika kituoni, nami nashuka: ukitunga sheria ya kumfungia jirani mlango, angalia kwanza funguo umemwachia nani.