Ubao wa Mkuu Zeynel

Mwaka ule Uturuki ilipofuta herufi za Kiarabu na kuleta za Kilatini, Zeynel, mkuu wa kijiji, alisimamisha ubao mweusi uwanjani akatangaza kwamba yeye keshazijua zote. Asiyezijua faini yake ilikuwa kondoo, na kondoo wote waliishia zizini kwake.

Zamu ikamfikia Bi Gulizar, mjane mwenye kondoo mmoja tu.

"Haya, soma!"

"Nisome nini, Mkuu, na ubao mtupu? Andika wewe, nikusomee."

Zeynel akashika chaki, akaanzia kulia, akachorachora mpaka kushoto. Gulizar akakohoa kidogo, kisha akapaza sauti:

"'Mimi Zeynel nawarudishia watu kondoo wao wote leo kabla ya adhuhuri.'"

"Mwongo! Sikuandika hivyo!"

"Basi nisamehe, macho ya uzeeni haya. Ubao usifutwe. Mwalimu wa serikali anapita tena kesho, atatusomea. Nasikia mkuu asiyejua herufi wanamvua ukuu palepale."

Zeynel akautazama ubao. Kijiji kizima kikamtazama Zeynel. Akaufuta kwa kofia yake mwenyewe.

"Umesoma sawasawa," akasema.

Adhuhuri haijafika, kila mtu alikuwa na kondoo wake. Njiani jirani akamuuliza mjane, "Shoga, herufi hizi ulijifunza lini?"

"Hata moja siijui," alisema Gulizar. "Ila mwalimu alipokuja juma lililopita, niliuona mkono wake ukiandika kuanzia kushoto."